Aliyeziba matundu ya risasi anatafuta urefu wa Déo

Ni asubuhi, ukungu haujainuka kutoka msituni, na Annonciata anakoroga sufuria iliyoinjikwa juu ya mawe matatu. Ndani yake mna uji mweupe wa unga wa muhogo. Si wa kunywa. Ni gundi.

"Ikikuwa mwepesi, karatasi inaanguka. Ikikuwa nzito, inakauka na inapasuka," anasema bila kuinua macho. "Inataka kuwa kama ya mutoto mugonjwa. Katikati."

Nyuma yake, kwenye uwanja wa shabaha wa walinzi wa msitu, nje kidogo ya Walikale, mashariki mwa Kongo, viunzi vinne vya mianzi vimesimama mbele ya kilima cha udongo kilichorundikwa ili kuzuia risasi. Kwenye kila kiunzi kuna gunia lililobandikwa katoni, na juu ya katoni amechorwa mtu kwa mkaa: kichwa, shingo, mabega, kifua. Mtu ni yule yule, mara nne. Anaishia kiunoni.

Bendera nyekundu inapanda. Annonciata anafunika sufuria kwa jani la mgomba ili udongo usiruke ndani, kisha anakwenda kukaa nyuma ya ukuta wa mawe. Milio inaanza, mmoja mmoja. Kila unapolia, kope zake zinafumba. Zamani hazikufumba.

Filimbi inapolia anaondoka na sufuria, brashi na mfuko wa karatasi za mifuko ya saruji alizokatakata vipande. Anasimama mbele ya shabaha ya kwanza, anatafuta tundu kwa kidole, anapaka gundi, anabandika, anapitisha kiganja. Polepole. Walinzi wanamngoja wakisafisha bunduki zao. Wanamwita Docteur, daktari.

"Docteur, wangu bado anapumua?" mmoja anauliza.

"Wako hajaguswa hata sikio," anajibu. "Rudia shule."

Wanacheka. Yeye hacheki, ingawa utani ni wake.

Kazi hii ameifanya kwa miaka mitatu. Hana mshahara wa mwezi. Analipwa kwa kila shabaha anayoitengeneza na kuiziba. Mvua ikinyesha siku nzima hakuna anayepiga risasi, na siku hiyo jioni anapika majani ya muhogo matupu, bila unga.

Kabla ya hapo alikuwa fundi cherehani huko Lushebere, upande wa Masisi, ambako familia yake inalima maharage kwenye mlima tangu enzi za babu zake. Vita vilipofika shambani walikimbia. Mama yake, Mama Claudette, alirudi baada ya muda kwa sababu hakutaka kufia kwenye ardhi ya wengine. Annonciata na mdogo wake Déo walishika njia ya msitu mpaka Walikale. Cherehani ilibaki nyuma. Mkasi alikuja nao.

Mkasi huo ndio uliompatia kazi. Grégoire, mwalimu wa shabaha wakati huo, alitaka mtu anayejua kukata. Alimpa picha ya kwenye kitabu, mtu mwenye mabega mapana kama mlango, na Annonciata akashindwa kumkuza mpaka akawa na kimo cha mtu wa kweli. Kila alipojaribu, mkono mmoja ulizidi mwingine.

"Papa Grégoire akachoka na mie," anasimulia. "Akasema, mutu ni mutu, tafuta mutu umulalishe chini, umuchore."

Siku hiyo Déo alikuwa amemletea dada yake viazi vitamu vya kuchemsha. Akalazwa juu ya katoni kubwa zilizofungiwa mitambo ya umeme wa jua, akiwa bado na kiazi mkononi.

"Dada, usinitie tumbo."

"Lala. Usiheme."

"Na kichwa usifanye kama ya mbuzi."

"Mie nafuata ile Mungu alikupatia."

Mkaa ulimzunguka kuanzia utosini, ukateremka begani, kiunoni, mpaka kwenye visigino, ukapanda upande wa pili. Alipoinuka alisimama kando, akajitazama chini kwa muda mrefu. Nyumbani yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzaliwa, na ndugu zake walimwita Kafupi.

"Kumbe niko mukubwa hivi," akasema.

Annonciata alilikata umbo hilo kwa mkasi, likawa patroni yake, yaani ule mfano ambao fundi cherehani anauweka juu ya kitambaa kabla ya kukata. Tangu siku hiyo kila shabaha ya uwanja huu ilitoka kwenye mwili wa Déo. Walinzi walizoea. Walisema, leo nimemupata Déo kwa bega, au, Déo wangu leo amepona. Mwenyewe alipofika jioni kumsaidia dada yake kubeba kuni, aliuliza: "Nimekufa mara ngapi leo?" Wakamtajia. Akalalamika kwamba anapigwa kila siku na hata mshahara hana.

Ulikuwa mzaha, lakini ndani yake mlikuwa na ombi.

Walinzi walikuwa wanatafuta mtu wa kubeba viunzi na kuokota maganda ya risasi. Déo alimwomba dada yake azungumze na chef, mkuu wa kituo. Annonciata alikubali. Ila chef ni mtu wa hasira za karibu, na yeye ni mtu wa kungoja. Akangoja siku ambayo chef atakuwa na roho nzuri. Siku moja chef alikuwa na homa. Siku nyingine redio ya mawasiliano ilikuwa imeharibika. Siku nyingine chef alikuwa anacheka, na Annonciata akaona si vema kumharibia kicheko.

"Nilikuwa naangalia uso yake kila asubuhi, kama vile mutu anaangalia mawingu," anasema. "Mie niko mutu wa kuangalia. Niliangalia mpaka mutoto akaenda."

Déo alikwenda Omate na vijana wengine kuchimba dhahabu. Hakuaga kwa ugomvi. Alisema atarudi na bati za nyumba ya mama yao. Annonciata alimfungia viazi, akaendelea kuziba matundu.

Wiki moja baada ya mvua kubwa, kijana mmoja aliyekuwa na Déo shimoni alifika kituoni kwa pikipiki, miguu ikiwa na tope mpaka magotini. Alibaki juu ya pikipiki. Annonciata anasema alijua kabla hajazungumza, kwa sababu kijana yule alitazama shabaha, kisha akamtazama yeye, kisha akatazama chini. Mlima ulikuwa umeshuka. Wenzake wawili walitoka. Waliojaribu kumchimbua Déo walirudishwa na udongo uliokuwa bado unateremka, na baada ya siku kadhaa shimo liliachwa.

Katika ukoo wao, mtu ambaye mwili wake haukuonekana hazikwi mikono mitupu. Mjomba wa marehemu anakata mgomba, anauosha, anaufunga kwa kitambaa, na unashushwa kaburini kama mwili. Katekista anakuja na kusali. Hana tatizo na mgomba huo. Lakini mgomba lazima uwe na urefu wa mtu mwenyewe. Ukiwa mfupi, wanasema, amebaki nje kipande. Ukiwa mrefu, nafasi iliyozidi inamwita mwingine wa nyumba ile.

Na mpaka mgomba uzikwe, mama wa marehemu hashiki jembe, wala hakuna anayelima kwa ajili yake. Shamba la Mama Claudette limeota majani. Majirani wameshaanza kupanda maharage. Msimu huu ukipita, mwanamke huyu mzee hatakuwa na cha kula wala mbegu ya kesho.

Mjomba wao, Papa Athanase, alimpigia Annonciata simu kutoka Lushebere. Sauti ilikuwa inakatika.

"Tuletee urefu ya mutoto. Siye huku hatuikumbuke. Mama yako anasema alikuwa anamufika hapa, kesho anasema hapana, alikuwa anamufika pale."

"Papa, mie niko nayo," Annonciata alimjibu haraka. "Niko nayo hapa kwa kazi. Mutu muzima, kichwa mpaka kisigino."

Alikata simu, akaingia kwenye kibanda chake cha vifaa, akashusha patroni ukutani. Ndipo akakumbuka.

Miezi mingi nyuma, katoni kubwa zilikwisha. Zilibaki katoni za mafuta ya kula, fupi, na mtu mzima hakuenea. Chef alipita, akatazama, akasema, "Hatupigi miguu. Kata." Naye alikata. Aliweka mkasi kiunoni mwa Déo, akafuata mstari, akanyoosha ukingo vizuri kama ukingo wa sketi. Vipande vya miguu vilikuwa vikavu. Aliwashia navyo moto wa gundi.

"Hizi mikono," anasema, akizitandaza mbele yake. Zina magamba meupe ya muhogo uliokauka. "Hakuna mutu alinilazimisha kuchoma. Kukata, chef alisema. Kuchoma, ni mie. Nilikuwa mvivu wa kutafuta kuni."

Filimbi inalia tena. Anakwenda kuziba.

Kulikuwa na njia moja iliyobaki, nayo ilitokana na siku ambayo kituo kizima bado kinaikumbuka. Ni siku ambayo Grégoire alilinganisha risasi.

Wakati ule katoni kubwa bado zilikuwepo. Kituo kilikuwa na risasi za aina tatu, na Grégoire alitaka kujua ni zipi za kufundishia wanafunzi wapya. Kulikuwa na risasi ndogo, nyembamba kama kalamu ya shule, za bunduki nyepesi ya mafunzo. Kulikuwa na mpya, za kawaida, zile walinzi wanazokwenda nazo msituni. Na kulikuwa na za zamani, ukubwa sawa na mpya, lakini zenye ganda la chuma lililopakwa rangi ya kijani, zilizolala miaka mingi kwenye stoo inayovuja. Wengine walitaka hizo za zamani zitumiwe mazoezini ili zisipotee bure. Grégoire akaamuru zitengenezwe shabaha tatu nzima, kichwa mpaka kisigino, zisimamishwe sambamba, na mlinzi mmoja yule yule apige zote.

Annonciata aliziziba, na anakumbuka kila moja.

"Ile ndogo ilikuwa na adabu," anasema. "Tundu kama ya musumari, zote karibu karibu kwa kifua. Na haisukumi bega ya mwanafunzi, haogope. Ile mupya, mbele unaona tundu kidogo, unasema hakuna kitu. Unazunguka nyuma, unakuta gunia imefunguka kama ua. Sasa ile ya zamani…" Anatikisa kichwa. "Ingine inakataa kulia. Ingine inalia na inaenda yake. Ingine ilipita ubavu-ubavu, ikaacha tundu murefu. Papa Grégoire alikasirika, akasema, na hii mutu atajifunza nini? Atakosea, na hatajua ni mukono yake ao ni risasi."

Hukumu ilitoka siku ile ile: ndogo kwa wanaoanza, mpya kwa mtihani wa mwisho, za zamani zirudishwe stoo na zisiguswe. Shabaha tatu zikawekwa kando. Baadaye Grégoire alistaafu, akaondoka.

Juzi Annonciata alimpata kwa simu. Shabaha ya risasi ndogo ilionyeshwa wanafunzi mpaka ikaoza kwa mvua. Ya risasi mpya ilikuwa imechanika sana, ikatupwa. "Ile ya tatu," akasema, "ile ya risasi mbovu, ilikuwa karibu nzima. Nilimupatia mama wa jikoni. Alikuwa na mwanya kwa ukuta."

Mama wa jikoni ni Mukasine, anayewapikia walinzi, mwanamke mwenye mikono minene na sauti inayofika mpaka barabarani. Mazoezi ya asubuhi yanapokwisha, Annonciata ananawa gundi, anachukua patroni yake iliyobaki nusu na kwenda jikoni.

"Unataka ukuta yangu?" Mukasine anasema, mwiko ukiwa juu. "Na mvua ikiingia kwa sufuria yangu ya fufu, utakuya kuikinga na kanga?"

"Nitakuletea katoni ingine, dada. Mbili."

"Za mafuta? Zile fupi?"

"Nitaziunga."

"Unatafuta nini kwa katoni ya moshi, we Docteur?"

Annonciata anamwambia. Mukasine anashusha mwiko. Anaanza kuondoa kuni zilizopangwa ukutani, mbili mbili, anazitupa nje uani, na Annonciata anamsaidia.

Nyuma ya kuni, katikati ya mbao mbili, shabaha imepigiliwa misumari. Imekuwa nyeusi kwa moshi, na mstari wa mkaa hauonekani mpaka mtu apitishe kitambaa chenye maji. Wa kwanza kutokea ni unyayo, juu, karibu na bati. Mukasine aliipigilia kichwa chini.

"Sikujua ni mutu," anasema taratibu. "Dada, sikujua. Niliona katoni."

Kwa kuwa miguu ilikuwa juu, moshi uliikausha na mchwa hawakuifikia. Visigino vipo. Magoti yapo. Lakini chini, pale palipogusa udongo, unyevu na mchwa wamekula. Nywele zimekwenda, paji la uso limekwenda, hata nusu ya masikio.

Mukasine anaziba mdomo kwa mkono. Annonciata anaishusha shabaha, anailaza uani juu ya gunia safi, anaitazama. Haharakishi. Kisha anachukua patroni yake, ile nusu anayoitumia kila siku, yenye kichwa kizima, na kuilaza juu ya ile ya zamani. Anaisogeza kidogo. Bega la kushoto linakaa juu ya bega la kushoto. La kulia juu ya la kulia. Shingo inafuata. Pale palipoliwa na mchwa kinatokea kichwa kizima cha Déo, na chini ya kiuno alichokikata yeye mwenyewe inatoka miguu yake.

"Ndo huyu," anasema.

Wanawake hao wawili wanachuchumaa. Risasi mbovu zilimwacha Déo na matundu machache tu: moja begani, moja chini ya sikio, na lile refu la ubavu-ubavu pajani. Karatasi alizoziba nazo siku ile zimekauka na kuanguka.

Mukasine anatoa uzi wa katani aliokuwa amefungia mfuko wa chumvi. "Pima sasa, kabla upepo haujakuya."

"Bado," Annonciata anajibu. "Simupime na matundu."

Anakwenda kuchukua sufuria. Gundi imepoa na kuganda juu. Anaipasha moto, anaikoroga mpaka inalainika. Safari hii hatumii karatasi ya saruji. Mukasine ameingia ndani na kutoka na karatasi nyeupe iliyokuwa imetandikwa kwenye kabati la vyombo, ile aliyoiweka kwa ajili ya Pasaka. Annonciata anakata vipande vitatu. Anainua ukingo wa patroni, anaziba bega. Anaziba chini ya sikio. Kwa paja anakata kipande kirefu, anakipaka gundi pande zote, anakishikilia kwa kiganja mpaka kinashika.

Kisha ananyoosha uzi kutoka utosini mpaka kisiginoni. Anafunga fundo kila upande. Anasimama, anauinua uzi mbele ya uso wake, fundo moja juu, jingine likigusa karibu na ardhi.

"Tulikuwa tunamuita Kafupi," anasema. "Angalia. Ananipita."

Mchana huo huo anakwenda ofisini kuomba ruhusa ya safari. Chef anapiga kelele kwenye redio ya mawasiliano. Mshipa umemtoka shingoni. Mlinzi aliye mlangoni anamnong'oneza, "Docteur, ngoja kwanza, leo amechafuka." Annonciata anaingia.

Anatoka akiwa na ruhusa ya kwenda Lushebere. Kesho, barabara ikiwa wazi, atapanda pikipiki na kufika kwa Papa Athanase na uzi ukiwa umefungwa kiunoni mwake, chini ya kitenge, ili usipotee njiani wala kuulizwa kwenye vizuizi. Mjomba atakata mgomba. Katekista atasali. Na mama yake, kama mvua haijatangulia mno, atashika jembe.

Amemwomba chef jambo jingine pia, akiwa amesimama pale pale, redio ikiendelea kukoroma. Akirudi hataki kutumia tena patroni ile. Anataka kuchora mviringo, mmoja ndani ya mwingine, kama vinavyofanya vituo vingine. Chef alimuuliza kwa nini, kwani mtu si ndiye bora kwa mafunzo? Mwishowe chef akasema wataona.

"Nitamuuliza tena nikirudi. Na siku ingine tena," Annonciata anasema, akikunja karatasi nyeupe iliyobaki. "Mviringo ni rahisi kuziba. Na mviringo haina mama."